Mistari Mitatu ya Bibi Takwimu

Alisoma bila kuchezesha midomo. Ningeweza kuanza na akili yake, ambayo watu wa Nyololo waliisifu mpaka nikachoka kuisikia, au na sweta yake ya kijivu iliyokosa kifungo cha pili. Naanza na midomo kwa sababu ndiyo niliyoitazama siku ya kwanza, na ndiyo niliyoendelea kuitazama kwa miaka. Alishika karatasi, macho yakateremka kutoka juu hadi chini, na midomo ikatulia kabisa, kama ya mtu asikilizaye ugomvi wa majirani usiomhusu. Mimi niliingia darasa la kisomo Jumatatu tarehe 5 Januari 1970, nikiwa mjane na mama wa watoto wanne, na hata baada ya kuwa mwalimu nilisoma midomo ikitembea. Niliifunika kwa kiganja, nikijifanya nafikiri.

Tulimwita Bibi Takwimu. Hakuwa bibi kwa umri. Nilimzidi miaka isiyopungua minane, jambo ambalo halikunifurahisha hata mara moja. Alizaliwa wapi, wa nani, sikuuliza. Wengine waliuliza na wakajibiwa vizuri, lakini hayo ni ya wengine.

Ofisi iliyomleta ilikuwa Iringa mjini, na kazi iliyomleta ilikuwa matokeo ya mtihani wa kisomo wa Agosti 1975. Mtihani ule uliwapanga watu wazima katika hatua nne. Wa hatua ya kwanza alikuwa bado anapigana na herufi. Wa pili alisoma maneno kwa kuyavuta. Wa tatu aliweza kuandika ujumbe ukaeleweka. Wa nne alisoma gazeti na kupiga hesabu za nyumbani bila kuhesabu vidole. Ofisi ya tarafa yetu ilikuwa na desturi yake tangu majaribio ya mwaka 1973: ilijumlisha hatua za wanafunzi wote wa darasa, ikagawanya kwa idadi yao, na darasa lililopata wastani wa juu lilipewa kitambaa chekundu chenye pindo la njano, kitundikwe ukutani kwa mwaka mzima.

Kitambaa hicho kilikuwa kwangu. Mwaka 1973 kwangu, 1974 kwangu, na baada ya mtihani wa 1975 nilikwisha kukifua na kukipiga pasi, nikisubiri kutangaziwa kwamba kinabaki.

Asiyeelewa maana ya kitambaa kwa mwanamke mzima na amsikilize shemeji yangu. Mume wangu alifariki tarehe 11 Novemba 1968. Nilipoanza kwenda kisomo, kaka yake alikaa mlangoni pangu mbele ya watu akasema, "Mjane anajifunza kuandika ili amwandikie nani? Marehemu hapokei barua." Watu wakacheka, na baadhi yao walikuwa wamekula kwangu wiki hiyo hiyo. Kwa miaka mitatu sikuwa na jibu. Kitambaa kilipotundikwa, shemeji alikuja kukitazama, akakigusa pindo, akaondoka bila neno. Tangu siku hiyo alinisalimu kwanza. Kile kitambaa kilikuwa kufuli la mdomo wake, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Bibi Takwimu alifika Jumanne tarehe 14 Oktoba 1975. Alisema atafika asubuhi. Alifika saa tisa alasiri. Hivi ndivyo alivyokuwa siku zote, na ni mojawapo ya mambo niliyomkusanyia: mwanamke ambaye angekukatalia nusu ya nusu isiyokaa mahali pake katika hesabu, lakini kwake neno "asubuhi" lilianza alfajiri na kwisha magharibi. Aliingia darasani kwangu na Ndugu Afisa wa tarafa, akakitazama kitambaa, akauliza kilipatikanaje. Ndugu Afisa akamweleza juu ya wastani kwa fahari ya mtu aliyeubuni.

"Mnajumlisha hatua?" akauliza.

"Tunajumlisha."

"Nimchukue mama mmoja asiyeijua hata a, hatua ya kwanza, na mwingine asomaye gazeti, hatua ya nne. Wastani wao?"

"Mbili na nusu," akajibu Ndugu Afisa upesi.

"Haya. Huyo mama wa mbili na nusu nionyeshe amekaa wapi, nimsalimie."

Wanafunzi wangu, wanawake niliowafundisha kushika kalamu, wakacheka mpaka wakafutana machozi. Kwa mzaha wangu hawakuwahi kucheka hivyo. Ni kweli kwamba sikuwa na mizaha.

Alikuwa na namna ya kutumia vitu vya watu. Hili nalo nililihesabu dhidi yake, kwa kuwa vilikuwa vitu vyetu, nasi hatukuwa tumeviona vina kazi hiyo. Wazee wa kijiji walipomtaka aeleze ana ugomvi gani na wastani, hakuwaandikia ubaoni. Alikwenda nao kilabuni, mahali nisipokanyaga, akaomba ulanzi, ile pombe ya mianzi, wa aina zote. Nilisimama nje, nikasikia kila neno.

"Huu mtogwa, mtamu, wa watoto," alisema. "Huu umeanza kuchachuka. Huu mkangafu, uliokomaa. Upi mkali kuliko upi, mna ubishi?"

"Hatuna!"

"Tumeupanga, basi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sasa niambieni: kutoka wa kwanza mpaka wa pili, na kutoka wa pili mpaka wa tatu, umbali ni mmoja?"

Mzee mmoja, aliyekuwa ameijaribu safari yote mchana huo, akasema, "Mwanangu, kutoka mtogwa mpaka wa katikati unatembea kwa miguu. Kutoka wa katikati mpaka mkangafu unabebwa."

Kicheko kilichotoka pale kilinifikia nje kama moshi. "Umemaliza kazi yangu, baba," alisema Bibi Takwimu. "Hatua zinasema nani yuko juu ya nani. Hazisemi kwa kiasi gani. Anayezijumlisha anajumlisha kutembea na kubebwa."

Yeye mwenyewe hakunywa hata tone. Alikuwa akiogopa ng'ombe, akiogopa bata, na akiogopa kulewa. Ila viazi alikula. Ukimwekea sinia alichagua kikubwa kuliko vyote, papo hapo, bila aibu, yeye aliyetwambia kila siku tusichague mfano unaotupendeza.

Kazi yake yenyewe aliieleza uwanjani, nami sitaisahau kwa kuwa nilikuwapo na nilikataa kushiriki. Aliomba majivu ya jikoni. Akachora mistari mitatu mirefu, sambamba, iliyopinda kidogo, maana mkono wake haukujua kunyoosha kitu nje ya karatasi. Mistari mitatu hufanya vipande vinne: hatua ya kwanza upande wa chini, hatua ya nne upande wa juu. Aliwaita wanawake kumi na wawili wanaoteka maji kwenye bomba la shamba la chai, karibu na barabara, akawapa kila mmoja kijitawi cha chai. Akawaita kumi na wawili wa bondeni, wanaoteka mtoni na kupanda mlima na ndoo, akawapa matete. Kila mmoja akasimama katika kipande cha hatua aliyoipata. Wa chai walienea sawasawa, watatu watatu. Wa matete walisongamana chini: sita, kisha watatu, kisha wawili, na juu kabisa mama mmoja peke yake, akiwa ameshika tete lake kama mkuki.

"Msihesabu hatua," alisema. "Hesabuni mstari. Kila mstari, wangapi wako juu yake kwa wangapi walio chini yake. Hiyo ndiyo mizani. Mstari wa kwanza, wa chai?"

"Tisa juu, watatu chini!"

"Tisa kwa watatu, mizani ya tatu. Wa matete?"

"Sita kwa sita!"

"Mizani ya moja. Tatu kwa moja ni mara tatu. Shikeni hiyo. Mstari wa pili?"

Wa chai walikuwa sita kwa sita, mizani ya moja. Wa matete watatu kwa tisa, theluthi. Moja kwa theluthi ni mara tatu tena. Mnong'ono ukapita. Mstari wa tatu, wa chai watatu kwa tisa. Wa matete mmoja kwa kumi na mmoja. Hapo ikazidi tatu. "Imezidi," alisema, "lakini kwa sababu ya mama mmoja aliyesimama peke yake sitagombana na mistari miwili." Mwenye tete akapiga vigelegele.

"Kwa hiyo watu wa bomba wanafaulu mara tatu ya watu wa mto," akatangaza Ndugu Afisa.

"Sivyo, Ndugu. Tazama mstari wa kwanza. Waliovuka ni tisa kati ya kumi na wawili, na wale ni sita kati ya kumi na wawili. Tisa ni mara tatu ya sita?"

"Mara moja na nusu," akasema mama wa tete kutoka juu.

"Basi mizani si sehemu. Kinachozidi mara tatu ni mizani: walio juu kwa walio chini. Ukisema watu mara tatu, umeongopa."

"Au wamepanda hatua tatu?" akauliza mwingine.

"Wala hatua tatu. Mizani ya kuwa juu ya mstari, mstari wowote utakaouchagua, kwa anayeteka bombani ni mara tatu ya anayeteka mtoni. Sentensi ni hiyo. Ni ndefu, nami sina fupi iliyo kweli."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama mwalimu? Njoo usimame tukuone."

"Mimi ni mwalimu," nilimjibu. "Sisimami kwenye majivu."

Hakushurutisha. Alitabasamu tu, nami ningependelea anishurutishe.

Misemo yake ilibaki kijijini kama kupe. Watoto walipogombania maembe ya sokoni walisikika wakisema, "Mizani si sehemu!" bila kujua wanasema nini. Bibi mmoja wa darasa langu, aliyeganda hatua ya pili, alimfuata akamwuliza, "Mwanangu, nitaingia lini hatua ya nne?"

"Lini, sijui. Kama utaingia, sijui pia. Ninachojua ni habari za watu mia walio kama wewe: umri wako, umbali wako wa maji, siku unazohudhuria."

"Hao mia wako wapi? Niletee mmoja anisaidie kuchota."

Alilisimulia jibu hilo kila alikokwenda, akijicheka. Kujicheka huko nako nilikuhusudu. Mimi kosa langu nililificha. Yeye lake alilibeba mkononi kama kuku wa kuonyesha wageni.

Sasa nije kwenye kitambaa. Alipomaliza habari ya bomba, alisema walimu nao walinganishwe kwa haki: wa bomba kwa wa bomba, wa mto kwa wa mto. Darasa langu lilikuwa na wengi wa bomba. Bondeni lilikuwapo darasa la mzee mmoja mpole, fundi seremala aliyejitolea kufundisha, ambaye wanafunzi wake karibu wote walipanda na ndoo. Kwa wastani nilimwacha mbali sana. Bibi Takwimu alipoondoa faida ya bomba, mizani ya jumla ikamwelekea seremala. Hakunificha. Alikuja kwangu mwenyewe kunieleza, akanywa chai yangu, akala kiazi kikubwa.

Shemeji alizisikia habari hizo kabla chai haijapoa. Alipita kesho yake. "Shemeji," alisema, na safari hii alisubiri nianze mimi kumsalimu, "nasikia kumbe ni bomba lililokuwa linafundisha."

Neno hilo liliniingia usingizini. Ndipo nilipoamua kuijifunza hesabu yake, yote, mpaka mwisho, ili nimshinde nayo. Sitaki msomaji adhani niliipenda elimu. Nilitaka kumwona akiona haya mbele za watu. Nilimwomba anifundishe, naye, ambaye kwa kila kitu alikuwa na akili isipokuwa kutambua adui, akakubali kwa furaha.

Alikuwa mwalimu mzuri. Naliandika kwa kalamu nzito. Alinionyesha kitabu cha majedwali ya logi, nami nikauliza mizani ina haja gani na logi. Akachukua vijiti. "Kuzidi mara tatu na kupungua kuwa theluthi," alisema, "ni njia ile ile moja, mmoja anakwenda, mwingine anarudi. Lakini zikiandikwa kama namba, tatu inaonekana mbali sana na moja, na theluthi inaonekana karibu. Ukizitia logi, kwenda na kurudi vinalingana. Na kuzidisha kunakuwa kujumlisha. Hapo unaweza kuongeza umri, ukaongeza umbali, ukaongeza mahudhurio, kila kimoja na uzito wake, wala kimoja hakimezi kingine." Akazungusha mkono wa mashine yake ya kukokotolea, ikalia kama kinu cha kahawa. "Ila kumbuka: mistari haina haja ya kupangwa kwa umbali sawa. Inakaa inapokaa. Sisi tunauliza tu kama kitu kinawasukuma watu kwa nguvu moja kwenye kila mstari."

"Na kisipowasukuma kwa nguvu moja?"

Akauachia mkono wa mashine. "Hapo namba moja haitoshi," alisema, kisha akaomba chumvi.

Nyumbani sikuwa na mashine. Nilikuwa na ungo, nyuzi tatu za katani nilizozikaza juu yake badala ya mistari, maharage mekundu kwa wanafunzi wangu na meupe kwa wa seremala. Niliwatenga wa bomba kwanza, kisha wa mto, nikasogeza na kugawanya, midomo ikienda, maana hapa kwangu hapakuwa na wa kuniona. Nikaliona. Katika uzi wa kwanza, ule unaotenga asiyejua herufi na anayeanza kusoma, maharage yangu yalikuwa na mizani nzito kuliko ya seremala, tena kwa mbali. Katika uzi wa pili tulilingana. Katika uzi wa tatu, mlango wa hatua ya nne, seremala alinishinda kwa mbali zaidi, na ndipo ilipotoka jumla yake. Namba moja ya Bibi Takwimu ilikuwa imefunika mambo mawili yanayopingana. Nilikaa chini nikicheka peke yangu jikoni. Nilikuwa nimempata.

Mkutano ulifanyika Iringa, Ijumaa tarehe 12 Machi 1976. Nilipanda basi alfajiri, nimevaa kitenge kipya, kitambaa chekundu nimekikunja ndani ya mkoba. Nilikwisha kupanga maneno: nitamwacha amalize, nitasimama, nitaomba radhi kwa kukosa elimu, kisha nitamwuliza habari ya mistari mbele ya wakubwa wake. Ukumbini nilikaa safu ya mbele. Seremala alikaa nyuma, akimsalimu kila aliyepita kwa kunong'ona "Kamwene".

Bibi Takwimu alifika kwa kuchelewa. Alieleza bomba. Kisha Ndugu Afisa akasema, "Ahsante. Sasa walimu. Mimi nataka namba moja, nikikabidhi kitambaa nijue ninakabidhi kwa nini."

"Ya bomba ninayo," alijibu. "Ya walimu sina."

"Si ulituambia seremala anaongoza?"

"Niliwaambia jumla. Baadaye nikaitazama mistari mmoja mmoja. Kwa bomba, mistari mitatu inakubaliana. Kwa walimu inagombana. Mama mwalimu huyu," akanionyesha kwa kiganja wazi, kama anavyoonyeshwa mtu anayeheshimiwa, "anawatoa watu gizani kuliko mwalimu yeyote wa tarafa. Mzee wa bondeni anawafikisha mlango wa mwisho. Nikichanganya hayo mawili nikakupa moja, nitakuwa nimekudanganya, tena kwa desimali."

Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu. Nilibaki hivyo, si kukaa si kusimama.

"Ndiyo, mama?" aliuliza. "Ulitaka kusema?"

"Hilo hilo," nilisema.

Uso wake uliwaka. "Umeliona? Peke yako? Tangu tuzungumze habari ya nguvu ya mistari nimekuwa nikingoja mtu aje aniulize!" Na alimaanisha. Furaha yake haikuwa na tundu ambamo ningeweza kuingiza kisu. Watu wakanipigia makofi, na kila kofi lilikuwa lake, maana kweli yangu ilikwisha kusemwa kwa kinywa chake, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Kwa nini wanafunzi wangu wengi walifika mlangoni pa hatua ya nne wakabaki pale, hakueleza, na mimi, niliyesoma midomo ikitembea, sielezi.

Ndugu Afisa aliona jua linakwenda. "Kama hakuna wa kwanza," alisema, "kitambaa kitabaki ofisini." Nikakitoa mkobani, kimekunjwa vizuri, nikakiweka mezani kwake mwenyewe, ili isisemwe kwamba nilinyang'anywa.

Shemeji alikuwa akinisubiri stendi ya Nyololo. "Kitambaa kiko wapi?"

"Kimebaki Iringa. Imeonekana mizani yangu katika mstari wa kwanza ni nzito kuliko ya mwalimu mwingine yeyote, watu wa bomba wakilinganishwa na wa bomba, na wa mto kwa wa mto. Katika mstari wa tatu ni nyepesi. Kwa kuwa mistari haikubaliani, jumla haina maana. Una swali?"

"Haya, shemeji," alisema, akanipokea mkoba.

Hivyo Bibi Takwimu alinipokonya kufuli na kunipa jingine, nami sikumsamehe hata moja kati ya hayo mawili. Aliendelea kuja mpaka 1977, akichelewa, akiogopa bata. Kisha akahamishwa. Watu wa bondeni walipata bomba lao mwaka 1978, wakachinja mbuzi, wakamshukuru kila mtu aliyekuwapo. Yeye hakuwapo. Nilikula nyama ile nikiwaza kwamba kama ningekuwa mimi ndiye niliyeileta hesabu ile, ningehakikisha nimekuwapo.

Nilimwona kwa mara ya mwisho Mbeya, Jumamosi tarehe 22 Septemba 1979, katika stesheni ya reli. Nilikwenda kumpokea binti yangu. Ukumbi ule ni mkubwa na baridi yake haina adabu. Karibu na ubao wa saa za treni alisimama mwanamke mwenye sweta ya kijivu, uso ameusogeza mpaka pua inakaribia kugusa maandishi, kidole kikifuata mstari wa treni ya Tunduma. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

Nilisimama nikamtazama kwa muda usio wa heshima. Herufi moja, nyingine, akarudi nyuma, akaanza tena. Miaka minne nilitamani kumwona hivyo. Nilingoja furaha ifike. Ilichelewa kama yeye.

"Treni ya kwenda Tunduma ni saa kumi na moja," nilisema nyuma yake, baada ya kuusoma ubao wote kutoka mahali nilipokuwa, mdomo nimefumba.

Aligeuka, akapapasa sauti. "Mama mwalimu! Wa Nyololo!"

"Ndiye. Macho yana nini?"

"Yananiaga. Daktari anasema kidogo kidogo. Nikamwuliza kwa hatua ngapi, akasema yeye ni daktari, si mtu wa takwimu." Akacheka, akanishika mkono. "Unafundisha bado?"

"Nafundisha. Mwaka huu watatu wamevuka mstari wa tatu."

"Nani anawavusha?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole kukubali, hakusema "vizuri," akijua kwamba nisingelipokea. Tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa na viazi vya kuchemsha vya binti yangu, nikamfungulia. Mkono wake ulivizunguka vyote kwanza, ukivipima, kisha ukachukua kile kikubwa.

"Siku ile ya majivu," alisema akitafuna, "ulikataa kusimama."

"Nilikataa."

"Nami sikusimama pia, nilikuwa nje ya mistari nikipiga kelele. Hebu tusimame leo, sisi wawili, hakuna anayetuona. Mimi hata wewe sikuoni. Nani yuko juu ya nani?"

Kengele ya stesheni iligongwa. Watu wakainuka na mizigo yao. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuongopa, na ningeongopa vizuri.

"Wewe uko juu yangu," nilisema.

Nadhani hakulitegemea. Kisha, kwa kuwa alikuwa vile alivyokuwa, akauliza, "Kwa kiasi gani?"

"Hilo, Bibi, hatua hazisemi."

Alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. Nikakiokota, nikakifuta kwenye kitenge changu, nikamrudishia, kisha nikamshika kiwiko na kumvusha kwenda kwenye treni yake.